Feni Mpya na Kitambaa cha Marehemu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mashine imezima tena. Mara ya nne leo. Katikati ya kadi za harusi, skrini nyeusi! Baridi yote hii ya Juni, mlima umejifunika ukungu, watu na masweta, halafu kompyuta inachemka. Nimegusa sipiyu, nikatoa mkono haraka.

Bosi Severin kampa Shadia kazi ya kutafuta dawa. Shadia! Ana wiki mbili hapa. Yuko kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi bosi ataamua nani abaki, maana duka lake halibebi wachapaji wawili. Kasema mwenyewe, mbele yetu. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kiti hiki. Basi izime tu. Izime mpaka kieleweke.

Jumanne, 4 Juni

Kabla ya kufungua mashine Shadia kaniamkia. Shikamoo mama Winfrida. Nikamwambia na sipiyu nayo uiamkie, labda itapoa. Akacheka! Huyu hata kutukanwa hajui. Anasema boksi lote siyo sipiyu, sipiyu ni kidude cha ndani, kadogo kama biskuti, na juu yake kuna feni ya kiwandani iliyochoka. Nyoo! Profesa.

Halafu akanyoosha mkono kwenye kitambaa changu. Kile cheupe cha maua mekundu, nilichofunikia boksi kikaning'inia mpaka nyuma, kwa ajili ya vumbi. Kwangu TV ina chake, redio ina chake, friji lina chake. Nikamwambia acha! Kimefumwa na marehemu dada yangu.

Sijui lilinitokaje. Paskalia yuko hai, yuko Mgeta anapalilia njegere kwenye shamba la mama. Shamba alilonidhulumu, kwamba mimi ni mtu wa mjini, sina haja nalo. Kitambaa kweli kafuma yeye. Alikileta Krismasi kwa lori la kabichi, kujipendekeza. Lakini lile neno — marehemu — lilikuwa tamu ajabu mdomoni. Bosi akavua kofia. Pole sana, mbona hukutuambia? Nikasema ni zamani, kabla sijaja hapa. Nikafuta jicho. Shadia akakirudisha kwa mikono miwili, taratibu.

Paskalia kapiga mara tatu mchana. Sijapokea. Marehemu hapigi simu.

Alhamisi, 6 Juni

Shadia kabadilisha grisi ya kwenye prosesa, kile kidude chake cha biskuti. Kaifuta ya zamani, imekauka kama ugali wa jana, kaweka tone jipya. Mashine ikatulia saa nzima. Bosi akampongeza. Nilivyoona hivyo nikakunjua kitambaa vizuri, nikakivuta mpaka chini kabisa nyuma. Saa nane, joto la mashine nyuzi tisini na nane. Pu! Ikazima.

Uso wa Shadia! Nimekula chapati mbili kwa furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewasikia. Walikuwa chumba cha fotokopi, wakidhani nimeenda kununua maji. Shadia anamwambia bosi hewa ya moto inatokea nyuma, na kitambaa cha mama kimeziba tundu. Bosi kasema basi mwambie. Yeye kasema hawezi, ni kumbukumbu ya marehemu, nitamwambiaje mtu mzima kitambaa cha dada yake kinaua mashine? Mwambie wewe bosi. Bosi akakohoa. Akasema hata yeye hawezi. Tafuta feni kubwa.

Loh! Nilijishika mdomo. Watu wawili na akili zao, wanaagiza feni kwa sababu ya aibu. Sitakitoa ng'o.

Jumatatu, 10 Juni

Siku nzima Shadia na rula. Kapima ndani ya boksi kutoka prosesa mpaka mfuniko. Kaandika kwenye karatasi. Eti feni ziko za aina tatu. Ile bapa, inaingia popote ila haina nguvu. Ile ya maji, nzuri lakini ikivuja tumekwisha. Na ile ya mnara, mabomba manne ya shaba, feni ubavuni — inapoza sana, ila ni ndefu, ikizidi sentimita moja mfuniko haufungi. Tena lazima soketi, pale prosesa inapokalia, ifanane, la sivyo haikai.

Kaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia mwanangu, chukua ile ndefu kuliko zote. Nikitegemea mfuniko usifunge, aaibike. Akasema hata mimi nilifikiri mnara mama, maana unasukuma hewa upande mmoja tu. Akaangalia rula yake tena.

Jumatano, 12 Juni

Ujumbe wa Paskalia: Dada nimelazwa hapa mjini, wodi ya wanawake, njoo unione, kuna neno la shamba nataka kukwambia. 

Hospitali ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka hapa. Neno la shamba! Sasa ndiyo anakumbuka. Kila mwaka anaumwa yule, mara kifua, mara miguu. Anataka niende na chungwa na uji, nimlilie. Thubutu! Na nikionekana na Shadia au bosi wodini, nitasema namwangalia nani?

Nimefuta ujumbe.

Ijumaa, 14 Juni

Feni imeshuka na basi la asubuhi kutoka Dar. Dude hilo! Shadia katoa ubao wote wa ndani ili afunge kibati cha nyuma, skrubu nne, anakaza moja kidogo, anaenda ya mkabala wake, anarudi. Nilisimama pale nikisubiri mfuniko. Ukafunga. Umebakiza nafasi ya unene wa kucha.

Potelea mbali.

Kisha akashika kitambaa, akaniita. Mama, naomba ruhusa yako. Feni mpya inatoa upepo nyuma, utakuwa unakipeperusha na kukichafua. Tukikunje, maua yaangalie mbele, wateja wakiingia waone kazi ya marehemu. Bosi anatutazama. Wateja wawili wanatazama. Ningesema nini? Nikasema sawa. 

Nyuzi hamsini na nane. Jioni nzima haijazima.

Jumanne, 18 Juni

Baada ya Idi. Shadia kaniletea pilau na nyama kwenye hotipoti, kasema mama yake ananisalimia na ananipa pole ya dada. Yaani mpaka kwao wanajua! Nimekula. Tamu, sitaki kusema uongo.

Wakati natafuna ndiyo nimeelewa. Kukunja kitambaa tu kulitosha. Hakuhitaji feni yoyote. Kaagiza dude lote lile, kafungua mashine mpaka mifupa, ili apate sababu ya kukigusa bila kunivunjia heshima. Nimekasirika mpaka nyama imenikwama. Bora angenitukana.

Bosi kasema mbele ya wateja, huyu binti ana mkono. Mimi hakuniangalia.

Simu kutoka namba ya Emmanuel, mtoto wa Paskalia. Mara mbili. Nimeigeuza kifudifudi.

Alhamisi, 20 Juni

Emmanuel, mara sita. Sijapokea. Jioni simu ikanyamaza. Afadhali.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika hapa hapa kaunta, saa nne asubuhi.

Imeingia oda kwenye simu ya duka. Kitabu cha misa ya mazishi, nakala mia mbili, inatakiwa leo, lori linapanda Mgeta saa tisa. Aliyetuma ni Emmanuel. Kaandika: mama mkubwa hapokei simu, naomba mumwambie.

Bosi katoka kufuata karatasi. Oda kaifungua Shadia. Nimeiona picha kwenye skrini kabla sijajua naangalia nini. Paskalia kwenye kochi lake, mwembamba, shingo imebaki mshipa. Nyuma yake vitambaa, kila kiti na chake. Vyeupe. Maua mekundu. Shadia kaikuza picha, kaishusha, macho yakapanda juu ya boksi la mashine, yakarudi kwenye skrini. Kasoma majina ya wafiwa. La kwanza ni langu.

Bora angesema! Kainuka, kaniletea maji kwenye kikombe, kapiga goti kidogo alipokuwa ananipa, kama wanavyofanya kwao. Karudi kukaa.

Dada yangu amekufa jana. Dakika kumi na tano kwa miguu. Na mazishi ni kesho, na siwezi hata kumwomba bosi ruhusa, kwa sababu pole zake nilishazila, na pilau juu yake. Nitasema naenda kumzika nani?

Namsikia bosi anafungua mlango wa nje. Shadia kaweka vidole kwenye kibodi. Mashine haitoi hata mlio. Hajanigeukia. Anauliza polepole, kwa adabu ileile:

Mama, hapa kwenye tarehe ya kufariki — niandike ipi?