Walidhani Naungua Ni Jina la Mtu

Peckham, London
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mbele. Kifua cha Mama kimetulia, au bado kinambana asubuhi? Na wewe presha inaendeleaje? Nauliza habari ya presha kwa makusudi, kwa maana haya ninayokuandikia si mazuri, na ningependa uketi kwanza, unywe dawa yako, ndipo uendelee. Mimi ni mzima wa mwili. Lakini nina hasira, Baba, hasira ambayo tangu nizaliwe sijawahi kuwa nayo. Nimeona nikuandikie kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kukuficha mambo ili usiumie, kama tulivyozoea sisi tulio huku.

Ni habari ya dada yako, Shangazi Perpetua. Yuko hai. Nakuambia hilo mwanzo ili usiruke mistari kulitafuta.

Unajua kwamba alipopatwa na kiharusi upande wake wa kushoto ulilegea, ndiyo maana mwanawe Dani akampeleka kwenye ile nyumba ya wazee kule Lewisham. Jambo ambalo hatukukueleza vizuri ni kwamba Kiingereza chote kilimtoka. Daktari alisema hutokea, lugha mtu aliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka, ile ya utotoni inabaki. Kwa hiyo Shangazi, aliyekuja nchi hii akiwa msichana kusomea unesi, aliyewageuza wazungu vitandani na kuwafuta na kuwalisha mpaka akastaafu, sasa anaongea Kiswahili cha Korogwe pekee, na mtu akimsemesha Kiingereza anamtazama tu.

Watu wa pale walijua. Niliwaambia mwenyewe siku aliyoingia. Nilimwambia meneja, mama mmoja mwenye sauti laini na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, kwamba shangazi yangu sasa anasema Kiswahili tu. Nikawaita wasichana wa zamu nikawafundisha maneno yaliyonijia: maji, choo, baridi, inauma. Walicheka, wakayarudia, wakayasema vibaya lakini walijitahidi. Meneja akatabasamu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wao wamezoea kuhudumia watu wa kila namna. Shida ni kwamba wale wasichana hawakukaa. Pale kila ukienda unakuta sura mpya, wanaletwa na wakala, wanafanya zamu chache, wanaondoka, na maneno yangu yakaondoka nao.

Mimi humtembelea Jumapili nikitoka kanisani. Jumapili ile kabla ya mkasa huu nilimkuta vizuri, kitanda chake katikati ya chumba karibu na dirisha, tukaimba wimbo mmoja wa Kisambaa, yeye akaimba ubeti wote bila kukosea. Kumbe Jumatatu aliteleza kitandani akaanguka. Hakuumia, lakini ili asianguke tena walikisukuma kitanda mpaka ukutani, na upande wa pili wakapandisha chuma cha kumzuia.

Sasa Baba, huku nyumba hupashwa joto kwa mabomba ya chuma yanayopitisha maji ya moto kandokando ya ukuta. Kwenye nyumba nyingine wanayafunika kwa mbao. Pale bomba lilikuwa wazi, na lilipita usawa wa godoro.

Jumatano ofisi ninayosafisha kule Croydon ilifungwa mapema kwa kuwa maji yalikatika, nikasema ngoja nimpelekee Shangazi wali na samaki wa nazi. Nilifika mchana. Nikiwa bado kwenye ujia niliisikia sauti yake. Ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyelia msiba siku nzima.

"Naungua. Naungua jamani. Naungua."

Nilikimbia. Nilipofungua mlango nilimkuta msichana mmoja amekaa kando ya kitanda, anampapasa mkono kwa upole, anamwambia kwa Kiingereza, "Atakuja, mpenzi. Nangwa atakuja kesho. Tulia." Akageuka, akaniona, na uso wake ukachangamka.

"Afadhali umefika," akaniambia. "Wewe ndiye Nangwa?"

Baba, walidhani ni jina la mtu. Tangu Jumatatu dada yako alikuwa akiwaambia kwamba anaungua, na wao wakamjibu kwamba Nangwa atakuja kesho.

Nilivuta blanketi. Mguu wa kushoto, ule uliolegea ambao hawezi kuusogeza mwenyewe, ulikuwa umeteleza ukabana kati ya godoro na ukuta, na shavu la mguu limelala juu ya bomba. Sitakueleza nilichokiona. Nitakwambia tu kwamba shuka ilikuwa imegandia hapo. Harufu pia nilikuwa nimeisikia tangu mlangoni, nikadhani inatoka jikoni.

"Mwanangu," Shangazi akaniambia, "hawa watu wana nini? Nawaambia, hawaondoi."

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika barabarani. Yule msichana, anaitwa Keli, naye alipouona mguu alijishika mdomo, kisha akaruka, tukakivuta kitanda pamoja mpaka katikati ya chumba. Alikuwa analia, anarudia, "Sikujua, sikujua." Nesi wa zamu akaja, naye akasema Shangazi amekuwa "akisumbua" tangu Jumatatu usiku, kwa hiyo alikuwa akimpa dawa ya kumtuliza. Alikuwa akimpa dawa ili anyamaze, Baba! Nilimwuliza, "Ulipompa dawa, ulifunua blanketi?" Akasema wasaidizi ndio wanaomfunua. Nikamwuliza Keli, akasema yeye ameingia zamu mchana ule ule, na wa asubuhi walimwambia bibi huyu akiguswa anapiga kelele, aachwe apumzike.

Ndipo meneja akatokea na sauti yake laini. Aliutazama mguu kwa mbali, akavaa miwani, akautazama tena.

"Ngozi ya wazee ni nyepesi sana," akasema. "Tutaisafisha. Daktari wetu hupita kesho."

"Ita ambulensi," nikamwambia.

"Tafadhali teremsha sauti, kuna wakazi wengine."

"Ita ambulensi."

"Wewe ni mpwa tu. Mwenye kuzungumza nasi ni mwanawe."

Baba, wewe ulinilea nisimjibu mtu mzima vibaya, na mama yule ana umri wa Mama. Nisamehe. Nilimwambia akae kimya. Nikatoa simu yangu nikaita ambulensi mwenyewe, naye akasimama pale mlangoni akisikiliza ninavyotaja jina la nyumba yake, uso umemwiva. Shangazi alinishika sketi muda wote huo. Hakuiachia hata wale vijana wa ambulensi walipomhamishia kwenye machela yao, ikabidi nitembee nimeinama mpaka kwenye gari.

Hospitali walimpokea vizuri, hilo niseme kwa haki. Daktari, kijana wa Kihindi, aliusafisha mguu, akaniuliza uliungua lini. Nilipomwambia tangu Jumatatu aliweka chini alichokuwa amekishika. Akaniambia jeraha namna ile analiona kwa watoto wachanga na watu waliozimia, kwa sababu mtu mwenye fahamu zake hujiondoa au hupiga kelele. Nikamwambia, alipiga kelele.

Dani alifika jioni kutoka kazini kwake, bado amevaa tai. Nilikuwa nimempangia maneno. Tangu zamani nilikuwa na kinyongo naye, kwa sababu ndiye aliyeichagua nyumba ile, na kila nilipolalamika kwamba Shangazi nimemkuta na nguo mbichi au na kiu, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba wale ni watu waliosomea kazi, tusiwaharibie. Nilisimama nimwambie yote. Akaninyamazisha kwa mkono, akanyanyua shuka, akatazama. Halafu akaniuliza mama yake alikuwa anasema neno gani. Nikamwambia.

Binamu yangu alikaa chini sakafuni, Baba, na tai yake.

"Walinipigia Jumanne," akasema. "Waliniuliza, Nangwa ni nani, mama yako anamlilia. Nikawaambia katika ukoo wetu simjui mtu wa jina hilo."

Anakijua Kiswahili, tangu mtoto amekisikia. Lakini neno lilipita kwenye mdomo wa Kiingereza na kwenye waya wa simu, likamfikia likiwa limekuwa jina. Maneno yote niliyompangia yaliniishia. Nilikaa naye pale chini. Baadaye alisogea kitandani akasema, "Mama, pole. Pole sana." Sikuwahi kumsikia akimsemesha Kiswahili. Shangazi alimjibu kwamba yeye amekonda, ale.

Walimpandikiza ngozi waliyoitoa pajani. Mguu haukukatwa, ingawa kulikuwa na siku walizungumza hivyo. Sasa anakula, anaketi. Na kuna mama mmoja anayesafisha wodi ile, Mkongo wa Uvira, anaitwa Mama Neema, aliyesikia Kiswahili akaacha ufagio wake akaja.

"Bibi, banakuletea chai yako?" akamwuliza.

Shangazi akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wanakuletea," akasema. "Siyo banakuletea. Ulisoma wapi wewe?"

Mama Neema alicheka mpaka akashika kitanda. Sasa kila asubuhi anakuja kusahihishwa.

Nakuambia hilo ili nawe ucheke kidogo, maana hasira yangu bado haijaisha. Wakaguzi walikuja pale nyumbani kwa wazee baada ya Dani kulalamika. Keli aliacha kazi, lakini alirudi siku hiyo kwa hiari yake akawaeleza mbele ya meneja kwamba kabla yake kuna wasaidizi walioomba mabomba yafunikwe, wakaambiwa fundi ana shughuli nyingi. Wakaguzi wakaagiza yafunikwe yote. Meneja akaonywa. Bado yuko kazini, na miwani yake kifuani. Alituandikia kwamba anasikitika kwa "usumbufu uliotupata". Usumbufu! Dani ametafuta mwanasheria, na mimi nimesema nitasimama popote nitakapoitwa nieleze nilichokiona.

Juzi nilikwenda kuchukua nguo za Shangazi zilizobaki. Katika chumba chake bomba limefunikwa kwa ubao mpya uliopakwa rangi nyeupe, unanukia rangi. Fundi alipatikana. Nikafunga nguo kwenye mfuko, nikatoka, na katika chumba cha pili nikasikia sauti. Ni bibi mmoja mdogo, amejifunga kitambaa kichwani, sijui ni wa nchi gani, anasema neno moja, anapumzika, analisema tena. Miguu ilinigoma kupita. Niliingia. Bomba la kwake bado halijafunikwa. Nilifunua blanketi nikamtazama miguu, mizima. Nikakisukuma kitanda mbali na ukuta, naye anaendelea na neno lake.

Meneja akaja. "Huruhusiwi kuwa humu," akasema. "Huyu si ndugu yako."

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Husema hivyo kila siku. Ni umri."

"Basi mpigie ndugu yake umwulize. Mimi sitoki."

Nikakaa kwenye kiti. Alinitishia polisi, nikamwambia awaite. Mwishowe, nadhani aliogopa wakaguzi, akaenda akapiga simu, akarudi chumbani na simu isiyo na waya, akaisogeza mdomoni kwa yule bibi. Bibi akalisema lile neno. Binti yake kule upande wa pili akatuambia kwa Kiingereza, sauti yake inapanda, kwamba mama yake anaomba maji.

Jagi lilikuwepo, mezani, mkono wake haulifikii. Nilimimina, nikamshikia bilauri. Alikunywa yote bila kupumua, akanirudishia, nami nikamimina tena, naye meneja amesimama na simu mkononi, na yule binti bado anauliza, "Tangu lini? Tangu lini anaomba?"

Baba, daktari hataki Shangazi asafiri sasa. Wanatutafutia mahali pengine, na mimi na Dani tumeapa hatakwenda popote kabla hatujaingia chumbani tukashika ukuta kwa viganja vyetu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Dani ataleta simu wodini. Nenda kwa Mwalimu Yohana saa kumi, tutapiga kwake. Msemeshe dada yako, hata kama ni habari za mahindi. Ongea taratibu, asikie kila neno.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii kwa vipande, siyo yote kwa mara moja. Msalimie kaka yangu Elieza na mkewe, na mdogo wangu Roza aliye chuo cha ualimu, mwambie barua yake nimeipata. Msalimie padri wetu, aliyembatiza Dani siku ile walipokuja likizo, aendelee kumwombea Shangazi kwa jina lake. Na bibi mzaa mama mwambie kitenge alichonitumia ndicho nilichomfunika nacho Shangazi hospitalini, kwa sababu blanketi za huku sasa hazitaki.

Nakubusu mikono.

Binti yako,
Edina