Kisigino cha Mteja

Kapsoya, Eldoret
9 Februari 1987

Binti yangu Adongo,

Pokea salamu zetu. Sisi ni wazima, isipokuwa mama yako ana mafua na bado anaimba kwaya hivyo hivyo. Hujambo huko kwenye theluji?

Barua yako nimeisoma mara tatu kibandani, wateja wakingojea viatu vyao. Unasema mnatoa chembe nyeupe za damu ya mgonjwa wa saratani ya ngozi, mnazifuga chupani mpaka ziwe nyingi, kisha mnamrudishia zipigane na uvimbe. Sasa, humo chupani zinakula nini? Na zikirudi, zinamtambuaje mwenyewe?

Umeuliza pia kama naona madoa meusi kwenye nyayo za wateja. Unajua kila ninayemshonea viatu namchora mguu daftarini, na penye sugu naweka alama nimwachie nafasi. Kuna mteja mmoja ana doa chini ya kisigino. Mwaka 1983 lilikuwa kama punje ya mahindi. 1985, kama shilingi. Mwaka huu limepungua upande mmoja, na lilipotoka pamebaki peupe. Amepona?

Ni mimi baba yako,
Johnstone Oketch

Chicago
2 Machi 1987

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima, baridi tu inanionea.

Chembe tunazilisha maji yenye sukari na chumvi, pamoja na dawa ya kuzichochea zizaane. Zinavyomtambua mwenyewe, hatujui vizuri. Wagonjwa wetu wengi bado wanakufa, Baba. Wachache uvimbe unayeyuka, na hatujui kwa nini wao.

Ndiyo maana nimeshindwa kukaa kitini! Mwili wa mteja wako wenyewe umeianza kazi yetu, bila chupa. Lakini hajapona. Doa linaweza kufifia juu huku mbegu zake zimeshafika kwenye tezi za kinena. Likatwe haraka. Ni nani? Nitumie mchoro wake.

Mwanao,
Adongo

Kapsoya
30 Machi 1987

Binti yangu,

U mzima? Mafua ya mama yako yameisha, sasa majirani wavumilie.

Jina la mteja sitoi, unanijua. Ila nimechana ukurasa wake, ndio huu. Nimemwambia aende hospitali. Anasema ana kazi nyingi mpaka Agosti, na tena halimuumi. Ni mtu mbishi sana.

Baba yako

Chicago
14 Aprili 1987

Baba,

Leo salamu zitangoja.

Nilipokuwa na miaka tisa nilijichora mguu nikakuletea unishonee viatu vya shule. Ulicheka mpaka ukaweka nyundo chini. Ukanionyesha kwamba anayejichora huinama, vidole vikatanuka, na kisigino mkono haukifikii vizuri, mstari ukatetemeka. Ukaniambia siku nyingine nimpe mtu penseli.

Mstari wa kisigino cha mteja wako unatetemeka, Baba.

Naogopa. Usingoje Agosti. Mwambie Mama leo, na kesho mwende.

Mwanao,
Adongo

Kapsoya
3 Agosti 1987

Binti yangu mpendwa,

Umeandika mara tatu sikujibu. Nisamehe. Nilitaka kuandika nikiwa na la kukuambia.

Ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu wa masomo. Ningesema ni mimi, ungepanda ndege siku hiyo hiyo. Mama yako aliposoma barua yako alinitoa kibandani mbele ya wateja, sijavua hata aproni.

Wamelikata doa, wakaziba kwa ngozi ya paja. Tezi mbili za kinena wametoa, na moja ilikuwa na mbegu nyeusi. Kwa hiyo sijui, mwanangu. Nitakuwa nikirudi kila miezi mitatu. Mimi pia naogopa.

Lakini daktari wa maabara aliniita nichungulie kwenye darubini. Chembe nyeupe zilikuwa zimejaa ndani ya doa, zimelizunguka pande zote. Zangu hizo! Sikutaka kutoka pale. Nimemwomba akuhifadhie kipande, atakutumia. Kikifika, ziulize zilinitambuaje.

Mchoro mpya ni huu. Pengo walipokata utaliona. Penseli alishika mama yako, huku anaimba, na mstari umenyooka.

Ni mimi baba yako,
yule mteja