Kompyuta Iliyogoma Kuamka

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na lile jokofu la dukani limeacha kukuharibia maziwa. Sisi huku hatujambo. Mafua yaliyonishika yameondoka, ila sauti haijarudi vizuri, jambo linalowafurahisha wasomaji wangu pale maktaba, maana siwezi kuwafokea. Binti yako ni mzima, anakula vizuri, na bado anauliza maswali mpaka kichwa kinakuuma. Hata huko karakana wameshaanza kumwita Maswali, kama tulivyomwita sisi.

Uliniuliza jambo, nami nimechelewa kujibu kwa makusudi. Ulitaka nikuambie ukweli bila kumpamba, kama mtoto anaiweza kweli hii kazi ya kutengeneza kompyuta au anapoteza muda tu, ili kama haiwezi arudi akusaidie dukani. Nilitaka nikujibu nikiwa na uhakika. Sasa ninao, kwa hiyo kaa vizuri unisome.

Mkuu wa karakana yao ni mzee tunayemwita Miwani, kwa sababu anazo mbili, moja puani na nyingine kichwani. Alimwambia Maswali kwamba muda wake wa majaribio umekwisha, na atapewa kazi moja aifanye peke yake. Akiiweza, anaajiriwa. Akishindwa, wanaagana kwa amani. Kazi yenyewe ikawa kompyuta ya maktaba yangu. Usidhani nilimpangia. Miwani alinieleza wazi kwamba undugu wetu hautamsaidia mtoto hata kidogo, nami nikaona ni haki.

Kompyuta hiyo ilikuwa imenitoa jasho. Jioni naiacha nzima, asubuhi nikibonyeza kitufe inalia mlio mmoja, inabaki na maandishi meupe kwenye kioo cheusi, halafu inaanza kujikagua yenyewe mpaka karibu adhuhuri. Siku nyingine inadai tuko mwaka ambao Maswali hajazaliwa. Kumbukumbu zote za nani amechukua kitabu gani zimo humo, na wanafunzi wenye mitihani wanasimama mlangoni wamenuna. Nililalamika kwa kila mtu kwamba tumeletewa mashine mbovu, na mwenyekiti wa kamati yetu ndiye aliyesikia zaidi.

Maswali alipokuja alifungua boksi, akapuliza vumbi, akanionyesha betri ndogo, saizi ya kifungo cha koti. Alisema hiyo ndiyo inayotunza saa umeme usipokuwepo, na ilikuwa imekufa. Akaweka mpya. Ikawaka vizuri, nami nikampigia makofi kama mjinga. Kesho yake saa ilikuwa sahihi, lakini kompyuta imegoma vilevile.

Hakulia, wala hakuilaumu mashine. Alivuta kiti akaanza kazi yake ya kuzaliwa, kuuliza. Nani anaitumia, inazimwaje, nani wa mwisho kutoka. Msaidizi wangu alijibu, mfagiaji alijibu, nami nikajibu kwamba jioni haiguswi na mtu. Shika jibu langu hilo, nitalirudia.

Miwani akatuma ujumbe kwamba atakuja asubuhi inayofuata kuona mwisho wa mambo. Siku hiyo mtoto aliondoka nyumbani kabla sijaamka, mfagiaji akamfungulia maktaba. Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni chini ya meza, ametulia kabisa, anaangalia ukuta. Aliniamkia, basi. Miwani akaingia, na mwenyekiti nyuma yake, na wanafunzi wakachungulia dirishani.

Maswali akasimama akaeleza taratibu. Alisema kompyuta hii ikikaa bila kuguswa, kioo kinazimika na yenyewe inalala, lakini haijazimwa. Kazi zake bado zimo mkononi, hazijawekwa mahali pake. Mtu akichomoa plagi wakati huo, vyote vinaanguka, na asubuhi inaamka ikiokota vipande. Tena kwa kuwa inanyimwa umeme kila usiku, ile betri ndogo inakesha ikifanya kazi na kuchoka mapema. Miwani akauliza ni nani basi anayechomoa plagi. Hapo nilitamani sakafu inimeze.

Maana ni mimi, mdogo wangu. Unajua tulivyolelewa. Marehemu mama hakulala mpaka azunguke nyumba nzima akichomoa kila kitu ukutani, akikunja waya umbo la nane na kuchomeka plagi yake katikati. Na mimi nikiona kioo cheusi nilijua imeshazimika. Lakini sitakudanganya kwamba nilisahau. Maswali alipouliza ni nani wa mwisho kutoka, plagi ilinijia palepale, nami nikajibu kwamba haiguswi na mtu. Niliona aibu mbele ya watu niliowalalamikia. Kwa ajili ya aibu yangu nilikuwa tayari mtoto wako akose kazi, na hilo limeninyima raha mpaka leo.

Angeweza kusema ni mtu fulani. Angeweza kusema hajui, akaondoka na heshima yangu ikiwa salama. Aliinama akautoa ule waya, bado umekunjwa, akanitazama usoni.

“Mama mkubwa, nisamehe,” akasema. “Ni wewe. Huu mkunjo naujua. Ni wa bibi, na ni wa mama.”

Nikasema ni kweli, na kwamba aliponiuliza nilimficha. Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa. Miwani hakucheka. Alivua miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akasema wanaojua kubadilisha betri anao wengi, lakini wa kumwambia mwenye kompyuta ukweli, tena mkubwa wake, alikuwa hajampata. Kisha akamwambia aje Jumatatu kama mfanyakazi.

Kwa hiyo harudi. Tafuta msichana mwingine wa dukani. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na ingawa aliyeumbuliwa ni mimi, nilitoka pale nimeinua kichwa kuliko mwenyekiti. Mama angekuwepo angemgombeza kwa kuacha plagi ukutani, halafu angezunguka mtaa mzima akimsimulia.

Jana jioni, wakati wa kufunga, niliizima kompyuta kama alivyonifundisha, nikangoja kitaa kizimike, na bado mkono ukaenda wenyewe kwenye plagi. Maswali alikuwa mlangoni ameshika mkoba wangu. Alikohoa tu. Nikarudisha mkono.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na majirani wanaoniulizia waambie nitakuja wakati wa likizo. Binti yako anakuamkia. Nilipomsomea habari za maziwa yako hakuuliza swali hata moja. Amesema tu nikuandikie hivi: mama, jokofu nalo usilichomoe.

Ni mimi dada yako, mwenye fahari isiyo yangu