Nimemkabidhi Mbege kwa mikono yangu mwenyewe

Ijumaa, katikati ya Januari. Joto la Moshi leo halina adabu. Mlima umejifunika tangu asubuhi, na mimi natamani ningeweza kujifunika hivyohivyo.

Nimefanya ujinga. Acha niuandike kabla sijaanza kujitetea.

Nina miaka thelathini na miwili, nafundisha hesabu sekondari, naishi Kiboriloni, na leo nimelia kwa sababu ya mnyama wa kwenye gemu. Ndiyo, gemu. Wanafunzi wangu wakijua, nimekwisha.

Mnyama huyo anaitwa Mbege. Jina alimpa dada yangu Aikande kwa ile rangi yake ya kahawia, ingawa kwetu Old Moshi ni watu wa kwaya na baba hakuruhusu mbege, ile pombe yetu ya ndizi, iingie ndani. Dada yuko Ulaya, mwaka wa sita sasa. Makaratasi yake hayajakaa sawa. Akitoka kule harudi tena, kwa hiyo hatoki. Hata mama tulimzika bila yeye. Simu tunapiga, lakini yeye huanza kulia, basi tunabaki tunasikilizana tunavyopumua tu. Tukaona bora gemu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, mimi nikiwa kwenye kafe ya intaneti ya Mama Glory hapa mjini, yeye chumbani kwake, tunakutana kwenye lango la mji wa ndani ya gemu, tunapanda mnyama wetu, tunakwenda hadi kwenye theluji.

Nieleze vizuri, maana ndipo uchungu ulipo. Kasi ya mnyama inatokana na sifa zake: miguu, pumzi na moyo. Miguu ndiyo mbio zenyewe. Pumzi ni muda atakaokimbia kabla hajachoka. Moyo ni kama ataogopa mto au ataupita. Ukizalisha wawili, mtoto anachukua sifa huku na huku, na moja lazima ipotee. Nina daftari zima la hesabu hizo. Halafu kuna sifa ya nne, adimu, ambayo wachezaji wengine hawaitaki hata kuisikia kwa sababu inakula theluthi ya kasi: mgongo wa watu wawili.

Sisi tuliitaka hiyo. Tuliitafuta Jumamosi za mwaka mzima na zaidi.

Sababu ni mtandao wa hapa. Mnyama hata awe na mbio kiasi gani, mimi nikimwendesha kutoka kafe hii anaganda, anaruka, nikija kushtuka yuko korongoni. Lakini dada akiendesha na mimi nikakaa nyuma, tunakwenda vizuri kabisa, naona mito, naona miti, naona theluji. Dada ananizidi miaka kumi. Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni mama akienda sokoni. Siongezi neno hapo.

Desemba ikafika. Mchaga gani anabaki mjini Krismasi? Nilipanda mlimani kwetu wiki tatu, na dada alikuwa na zamu za kazi sikukuu zote. Mnyama asipolishwa, kila wiki anapoteza sifa moja. Nikafikiri kama baba alivyofikiri. Baba aliweka ng'ombe wake kwa Mzee Ndemasi kule Mabogini, ambako mabua ya mpunga yalikuwa mengi. Mzee alikunywa maziwa, alichukua mbolea, na ng'ombe alibaki wa baba, ndama naye wa baba. Hawakuandikiana kitu. Miaka tisa.

Na mimi nikamweka Mbege kwa mchezaji mmoja tuliyezoeana miezi mingi, mpole, anajiita Ngurumo. Sijui hata anaishi nchi gani. Nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha ualimu: mlishe, mtumie, nitarudi. Gemu likaniuliza mara mbili kama nina uhakika wa kumkabidhi. Tiketi yangu ya kafe ilikuwa imebaki dakika moja. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo.

Kwenye gemu lile hakuna kuweka. Kuna kutoa tu. Ilikuwa imeandikwa, mimi sikusoma.

Leo nimetoka darasani moja kwa moja hadi hapa. Ngurumo alikuwepo. Akanishukuru kwa zawadi. Zawadi! Kisha akanieleza kwa furaha, kama mtu aliyekusaidia kazi, kwamba amemrudisha Mbege kuwa yai, akahamishia ile miguu kwenye mnyama wake wa mashindano, na mgongo wa wawili akaufuta kwa sababu ulikuwa unapunguza mwendo. Mbege hayupo tena. Nilipomweleza nilichokusudia alisikitika kweli, yule bwana. Akanipa mnyama mwingine, mwekundu, mwenye kasi mara mbili ya Mbege.

Ana kiti kimoja.

Nikainamia kibodi. Mama Glory akaja na kitambaa, akidhani nimemwaga chai.

"Mwalimu, kuna msiba?"

Nikamwambia mnyama wangu amekufa.

"Ng'ombe?"

Nikaitikia. "Jamani! Pole sana, mwalimu," akasema, akaniongezea nusu saa bila kuulizwa. Ndiyo ninayoitumia kuandika haya, na aibu imenijaa.

Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningepata nafuu. Lakini Ngurumo hakuiba. Nilimpa.

Kesho saa tisa dada atakuwa langoni. Ataandika kama kawaida, "Panda, mdogo wangu." Nitamjibu nini? Nimefikiria kusema umeme umekatika, wiki hii, na wiki ijayo, na nyingine. Nimefikiria kumpa yule mwekundu aende peke yake, mimi nibaki namtazama akiondoka. Hilo nilishalifanya mara moja, stendi ya mabasi, na sina nguvu ya kulirudia.

Nimepiga hesabu, maana ndicho kitu pekee ninachokijua. Kwa Mbege, kutoka langoni hadi kwenye theluji zilikuwa dakika sita. Tukitembea wote wawili kwa miguu ni hamsini na tano. Tiketi ni saa moja. Kwenye karatasi inatosha. Lakini kwa mtandao huu nitaganda kila baada ya hatua chache, naye itabidi asimame, ageuke, angoje, kama alivyokuwa akiningoja njia ya shule nikibaki nyuma nalia viatu vinanibana. Huenda theluji tusiifikie kabisa.

Nitamwambia ukweli kwanza. Halafu nitamuuliza.

Dada, kesho utaningoja?