Mafuta ya Nazi Kwenye Kibomba cha Ndege

Magongo, Jumanne, 14 Machi 1995

Kwa kung'arisha ndege sina mpinzani Changamwe nzima. Ila leo nimeng'arisha hadi pasipotakiwa.

Ndege ya wapima hewa ina kibomba ubavuni. Nilikiona kimefubaa, nikakipaka mafuta ya nazi mpaka kikameta. Kumbe ndicho kinachovuta hewa huko juu.

Bi Zuhura, mtaalamu wao, alikuwa akinieleza kuwa mwani wa baharini hutoa gesi za bromini, zinazopanda na kuila ozoni inayotukinga na jua. Wanazitafuta chache mno, kama punje ya chumvi kisimani. Nikinyamaza, vipimo vyote vimeharibika kwa mvuke wa mafuta yangu. Nikisema, kibarua kimeota nyasi.

"Bi Zuhura, kibomba nimekipaka mafuta."

Akakinusa. "Ulitaka kukipikia wali?"

Wakakibadilisha, wakachelewa kuruka. Msimamizi akataka kunifukuza. Bi Zuhura akamwambia, "Huyu abaki. Mwingine angenyamaza."

Wallahi, mwanamke anayeinusa bahari akiwa mawinguni, sijapata kumwona. Kesho kaniachia magurudumu tu. Nitayasugua mpaka ajione uso.