Filamu Isiyosema Kama Walifika

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli.
9 Machi

Mpendwa kaka yangu Kamanda,

Shikamoo. Wewe na wifi wazima? Watoto hawajambo? Sisi afya tunayo, ila mimi nimefura kwa hasira, nakuambia mapema.

Juzi nilimpeleka Mama kwenye banda la sinema. Filamu ya Wazungu wa zamani, familia tatu na mikokoteni ya ng'ombe, wanahamia nchi wasiyoijua. Kiongozi wao kila siku anasema maji yako nyuma ya kilima kile. Wanaume wanajadiliana pembeni, wanawake wamesimamishwa mbali, hawasikii kitu. Halafu mama mmoja anashona turubai lililochanika, polepole, kaka, unasikia sindano tu! Watu wakazomea. Mimi nilitamani isiishe. Baadaye wakamshushia cherehani yake ili mkokoteni uwe mwepesi, wakaiacha vumbini.

Mwishoni wanaondoka tena, mbele vumbi tupu, basi, imekwisha. Hujui walifika au walikufa. Kasuku, yule mtafsiri wa banda, akadakia kwenye kipaza sauti: "Wakafika salama, wakajenga mji!" Makofi! Nikasimama: "Umeyaona wapi wewe?" Nusura nimrushie kiatu.

Sasa nisikilize. Barua yako ya mwezi jana baba mdogo aliisoma na wanaume wenzake sebuleni, mimi na Mama tukaambiwa tulete chai. Kumbe umeagiza cherehani zetu zote mbili ziuzwe, tukufuate, eti mambo yako karibu kunyooka. Hivi una akili timamu? Cherehani hizo ndizo zilizokusomesha! Miaka minne unaandika "karibu", na hakuna barua yako hata moja yenye anwani. Hii nampa dereva wa lori, yeye ndiye anayejua pa kukupata.

Jana baba mdogo alikuja na mnunuzi. Mama akakaa kwenye cherehani yake, akaanza kushona shuka ambalo halikuchanika. Hakuinua uso. Walisubiri mchana kutwa, wakachoka, wakaenda zao.

Msalimie wifi, na kitindamimba wenu ambaye hatujamwona. Mungu awafunike popote mlipo.

Mama ana swali moja tu, na safari hii jibu ukweli: hayo maji, wewe mwenyewe umeyaona?

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinuna,
Fundi