"Haiko" ya Tchomia

Bunia, juma mosi asubui

Yaya Paluku,

Niko muzima, ila mvua ya huku haina heshima. Mama Ngabu, mwenye restora ya kartie Bigo, anakusalimia. Ako na maneno na weye.

Jana programe yangu ya restora, yenye niliandika mu PHP, luga ya kompyuta, iliita servisi yenye uliandika, ile ya kutuambia kama samaki ya Tchomia, kule ziwani, imefika. Ikauliza: "Samaki iko?" Servisi yako ikajibu kwa adabu: "haiko." Lakini PHP unaijua: ukiiuliza kama neno ni kweli, neno yoyote yenye herufi inaona ni ndiyo. Neno tupu, ile ya kimya, ndiyo inaona ni hapana. Basi ikaandika mu kioo ya restora: SAMAKI IKO!

Mama Ngabu akaita watu wa karamu ya ubatizo. Nyanya na vitunguu vikaiva, na samaki ikabakia mu ziwa. Watu walikula sombe ya majani ya muhogo na maharagi, na ni miye niliwatumikia, macho chini.

Nilipomuelezea, Mama Ngabu akacheka mupaka akakaa. "Kumbe mashine yenu iko kama bwana yangu wakati alikuwa ananichumbia: nikisema hapana, anasikia ndiyo!"

Yangu nimeshatengeneza. Weye nawe, servisi yako ijibu true ao false, ndiyo ao hapana yenye mashine inaelewa, si kama muzee wa kilima anayeogopa kukataa.

Sasa mama anauliza: utakuja kula samaki ya kweli? Andika "hapana" kama unataka, nitaisoma kama PHP. Usinyamaze tu.

Mudogo wako mwenye kukuchokoza,
Masika